Faragha, Ufundi na Udukuzi katika Mwambao wa Rumonge: Historia ya Siri za Mawasiliano kwenye Ziwa Tanganyika, 1869–2022

Ikisiri

Mijadala ya faragha ya mtandaoni katika Afrika Mashariki huanza, kwa kawaida, na ujio wa simu za mkononi, na mifano yake hutolewa katika majiji makubwa. Makala haya yanaitazama mada hiyo kutokea Rumonge na mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, mahali ambapo Kiswahili kimekuwa lugha ya soko na bandari tangu karne ya 19. Yanafuatilia jinsi siri za mawasiliano zilivyolindwa na zilivyovunjwa, kuanzia barua za misafara, kitabu cha utambulisho cha wakoloni na orodha za majina za 1972, hadi laini za simu zilizosajiliwa na makundi ya WhatsApp. Hoja kuu ni kwamba katika mwambao huu faragha imevunjwa zaidi na wale waliokabidhiwa taarifa kuliko na wavamizi wa mbali. Aidha, makala yanaonyesha kwamba fundi aliyejifunza mwenyewe amekuwa mlinzi wa mawasiliano pale vyombo rasmi vilipozimwa, na kwamba sheria isiyomtofautisha na mdukuzi inaweza kudhoofisha usalama inaokusudia kuulinda.

1. Utangulizi

Neno udukuzi, ambalo leo hutumika kwa uvamizi wa mifumo ya kompyuta, halikuzaliwa na kompyuta. Linatokana na kudukua, na lina jamaa yake katika kudukiza: vitenzi vinavyohusu kuchungulia mambo ya watu na kutega masikio mahali ambapo mtu hakualikwa. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna wadukuzi wa mtandaoni, tayari alikuwa na picha ya mtu aliyesimama nyuma ya dirisha. Katika Kiingereza neno linalolingana nalo lilikuwa na maana nyingine kabisa mwanzoni. Wanafunzi wa Chuo cha MIT nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, walilitumia kwa sifa, kumtaja mtu aliyejua kuichokonoa mashine hadi ikafanya jambo ambalo mtengenezaji wake hakulitarajia.

Kiswahili kina neno la kumtaja mtu huyo wa pili, nalo ni fundi. Tofauti kati ya fundi na mdukuzi ipo wazi katika lugha, lakini katika sheria na sera za ukanda huu mara nyingi haipo. Hapo ndipo makala haya yanapoanzia.

Neno faragha nalo, lenye asili ya Kiarabu, hutaja mahali au wakati ambapo mtu yuko peke yake na hasumbuliwi. Kirundi, lugha ya mama ya wakazi wengi wa Rumonge, kinaongeza maana nyingine kupitia neno ibanga. Ibanga ni siri, lakini pia ni dhamana au wajibu aliokabidhiwa mtu. Anayepewa cheo hupewa ibanga, na anayeambiwa siri hupewa ibanga vilevile. Fikra iliyomo ni kwamba siri ni amana, na kwamba swali la kwanza ni nani aliyekabidhiwa. Swali hilo ndilo linaloongoza uchambuzi unaofuata.

Rumonge ni mji wa bandari, uvuvi na mawese, takribani kilomita 75 kusini mwa Bujumbura. Ulifanywa makao makuu ya mkoa mpya mwezi Machi 2015, na mgawanyo wa mikoa 5 ulioanza kutumika mwaka 2025 umeuweka ndani ya mkoa wa Burunga. Wakazi wake wana nasaba za nchi kavu na za ng'ambo ya ziwa: Ujiji, Manyema na Ubembe. Kwa sababu ya mchanganyiko huo, historia ya mawasiliano yake haiwezi kuandikwa ndani ya mipaka ya Burundi peke yake.

2. Barua, mjumbe na muhuri

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mawasiliano ya ziwani yalitegemea mitumbwi, majahazi na wajumbe wa misafara. Ujiji ndiyo iliyokuwa kituo kikuu. Wafanyabiashara wake, akiwemo Mohamed bin Khalfan aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, walipanua shughuli zao kwenye fukwe za kaskazini, ingawa nguvu za Mwami Mwezi Gisabo ziliwazuia kupenya milimani. Barua ziliandikwa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Zilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika pwani, na kila mkono ulikuwa na nafasi ya kuzichelewesha, kuzifungua au kuzipoteza.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa David Livingstone. Alipofika Ujiji mwaka 1869 aliandika barua nyingi za kupelekwa Zanzibar. Sehemu kubwa haikufika. Livingstone aliamini kwamba wafanyabiashara walioombwa kuzichukua waliziharibu kwa kuhofia kuwa zingefichua habari za biashara ya watumwa. Upande wa pili, barua alizoandikiwa zilikaa muda mrefu njiani, na Henry Morton Stanley ndiye aliyemfikishia mfuko wa barua mwezi Novemba 1871. Mwezi huohuo wawili hao walisafiri kwa mtumbwi kandokando ya mwambao ambao leo ni wa Burundi hadi kwenye mdomo wa mto Rusizi. Jiwe la Mugere, kwenye barabara ya kwenda Rumonge, linakumbusha kituo chao. Stanley alipoondoka, Livingstone alimkabidhi shajara yake ikiwa imepigwa mihuri.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, mawasiliano yalikatwa na watu waliokabidhiwa kuyapeleka, kwa sababu walikuwa na maslahi katika yaliyoandikwa. Pili, muhuri haumzuii mtu kufungua barua. Unamwezesha mpokeaji kujua kama imefunguliwa. Teknolojia za leo za usimbaji fiche na saini za kidijitali zinajibu maswali hayohayo mawili: nani anaweza kusoma, na mpokeaji atajuaje kwamba ujumbe umeguswa njiani.

3. Kitabu cha utambulisho na orodha ya majina

Utawala wa Wajerumani, ulioanza kujikita mwambaoni miaka ya 1890, na wa Wabelgiji, uliofuata tangu 1916, ulibadili mwelekeo wa tatizo. Mtu binafsi alikuwa na barua ya kuficha. Sasa dola ilitaka kumwandika mtu mwenyewe. Katika Ruanda-Urundi ya miaka ya 1930 kitabu cha utambulisho kiliunganisha jina, mahali, kodi na kabila. Utambulisho uliokuwa ukibadilika kufuatana na ndoa, ng'ombe na ukaribu na watawala ukageuzwa kuwa neno moja lililoandikwa kwa wino.

Mwambao wa kusini ulilipa gharama kubwa ya maarifa ya aina hiyo baada ya uhuru. Tarehe 29 Aprili 1972 mashambulizi ya waasi wa Kihutu yalizuka Rumonge, Nyanza-Lac na maeneo jirani, na raia wengi, hasa Watutsi, waliuawa. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji ya kimfumo dhidi ya Wahutu nchini kote, hasa wasomi, watumishi wa umma na wanafunzi. Idadi ya waliouawa hukadiriwa kati ya 100,000 na 300,000. Maelfu wengine walivuka kuingia Tanzania, ambako makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalianzishwa kwa ajili yao.

Linalohusu makala haya ni njia iliyotumika. Katika shule, ofisi na Chuo Kikuu, watu waliitwa kwa majina kutoka kwenye orodha. Orodha ya wanafunzi hutengenezwa kwa ajili ya mahudhurio, na ya wafanyakazi kwa ajili ya mishahara. Hakuna iliyotengenezwa kwa ajili ya kuua, lakini kila moja ilifaa kwa kazi hiyo pale mwenye kuishika alipobadili nia. Kwa wakazi wa Rumonge, basi, hofu ya taarifa kukusanywa ni kumbukumbu ya familia.

Tatizo hilo limerudi kwa sura nyingine. Makubaliano ya Arusha ya 28 Agosti 2000 na Katiba ya 2005 yaliweka uwiano wa kikabila katika vyombo vya dola ili kuzuia kundi moja kulitawala jingine. Mgao huo umesaidia kupunguza hofu, lakini hauwezi kukaguliwa bila mtu kuulizwa kabila lake. Mwaka 2018 serikali ilisimamisha shughuli za mashirika ya kigeni yasiyo ya kiserikali na kuyataka yatimize masharti ya sheria ya 2017, ukiwemo uwiano wa kikabila wa wafanyakazi. Shirika la Handicap International lilichagua kuondoka nchini, likieleza kwamba lisingewaainisha wafanyakazi wake kwa kabila. Hoja za pande zote mbili zilikuwa na uzito. Swali ambalo halikupata nafasi ya kutosha ni la kiufundi na la kisheria kwa pamoja: orodha hiyo ingekaa wapi, kwa muda gani, na nani angewajibika kuifuta.

4. Fundi wa taa, fundi wa redio

Wakati dola ikijenga kumbukumbu zake, mwambao ulikuwa ukijenga ujuzi wake. Uvuvi wa ndagala hufanyika usiku kwa mwanga unaowavuta samaki. Kwa miongo mingi mwanga huo ulitoka kwenye karabai. Baadaye karabai zikapisha balbu ndogo za LED zinazotumia betri. Mabadiliko hayo yalihitaji watu wa kuunganisha nyaya, kupima betri na kukinga viungo na maji. Ujuzi wa namna hiyo hupatikana pembeni ya mwalo, kwa kutazama, kufungua na kukosea. Haukuhitaji cheti, na hakuna aliyeudhania kuwa hatari.

Fundi huyohuyo, au mwanafunzi wake, ndiye aliyetengeneza redio. Redio ilikuwa chombo cha kwanza cha kielektroniki kuingia katika nyumba nyingi za mwambao, na ziwa liliipa faida ya pekee: mawimbi ya Kigoma na ya Kivu yalisikika pamoja na ya Bujumbura, na idhaa za Kiswahili za nje zilijaza zilipoacha pengo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 vituo visivyo vya serikali vilianza kubadilisha mandhari: Studio Ijambo mwaka 1995, Radio Publique Africaine mwaka 2001, Isanganiro mwaka 2002. Msikilizaji wa redio hakuacha alama. Hakuna aliyeweza kujua, kutoka mbali, nani alikuwa akisikiliza nini. Faragha hiyo ya msikilizaji haikuandikwa katika sheria yoyote. Ilitokana na umbo la chombo chenyewe, na ilipotea chombo kilipobadilika.

5. Kompyuta ya pamoja, simu ya pamoja

Kikoa cha intaneti cha Burundi, .bi, kilisajiliwa mwaka 1996, nchi ikiwa katikati ya vita. Kwa takribani miaka 15 iliyofuata intaneti ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya taratibu. Mkongo wa kitaifa wa Burundi Backbone System, ulioanza kutoa huduma katikati ya miaka ya 2010, uliiunganisha nchi na nyaya za baharini kupitia majirani. Mtandao wa Lumitel, wa kampuni ya Viettel ya Vietnam, ulianza kazi mwaka 2015 na kusogeza intaneti ya simu hadi vijijini.

Takwimu za uunganishaji hazielezi jinsi vifaa vinavyotumika. Umeme umefika kwa sehemu ndogo tu ya Warundi. Kwa hiyo mtu wa kawaida mwambaoni hukutana na teknolojia mahali pa watu wote. Barua ya maombi ya kazi, cheti cha shule na nakala ya kitambulisho hupita kwenye kompyuta ya sekretariati, lile duka la kuchapa na kutoa nakala, na mara nyingi hubaki humo baada ya mteja kuondoka. Simu huachwa kwa saa kadhaa kwa mwenye kuchaji. Wakala wa fedha za simu huandika jina na namba ya mteja katika daftari ambalo mteja anayefuata anaweza kulisoma. Simu moja hutumiwa na mume, mke na watoto, na neno la siri hujulikana nyumba nzima. Fundi anayebadilisha kioo huomba alifungue ili ajaribu.

Katika mazingira haya, ushauri unaotolewa katika vitabu vya usalama wa mtandao, kwamba kila mtu awe na kifaa chake na neno lake la siri, haugusi hali halisi. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mwenye sekretariati, mwenye kuchaji, wakala na fundi ndio kata za mwambao. Hawa ndio waliokabidhiwa ibanga la kidijitali la wananchi, na sera za kitaifa kwa kawaida huwapita zikielekea kwenye kampuni na seva.

6. Mwaka 2015: kuzimwa na kuunganishwa upya

Maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalianza Bujumbura tarehe 26 Aprili 2015. Siku chache baadaye WhatsApp, Facebook, Twitter na Viber zilizuiwa kwenye mitandao ya simu. Jaribio la mapinduzi la 13 Mei lilifuatiwa na kushambuliwa kwa vituo vya Radio Publique Africaine, Bonesha FM, Isanganiro na Radio-Télé Renaissance. Katika muda wa siku mbili nchi ilipoteza karibu sauti zake zote huru za redio.

Kilichofuata ni sura muhimu katika historia ya ufundi wa kujifunzia. Waandishi waliobaki bila studio walianzisha SOS Médias Burundi, wakirekodi kwa simu na kusambaza sauti fupi kupitia mitandao ya kijamii bila kutaja majina yao. Watumiaji wa kawaida, ambao hadi wakati huo hawakuwa na sababu ya kujua VPN ni kitu gani, walifundishana kuweka programu hizo na kupeana kwa kadi ya kumbukumbu au kwa Bluetooth. Faili ya sauti ilipita kutoka simu hadi simu kama kaseti ilivyopita zamani. Kwa lugha ya sheria kali, wengi wa watu hao walikuwa wakikwepa kizuizi cha mamlaka. Kwa lugha ya jamii, walikuwa wakitengeneza kilichoharibika.

Mwambao ulikuwa pia njia ya wakimbizi. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu walikusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kando ya ziwa karibu na mpaka, ambako kipindupindu kilizuka. Meli ya MV Liemba, iliyojengwa na Wajerumani zaidi ya karne moja iliyopita, iliwachukua hadi Kigoma, na kutoka hapo wengi walipelekwa kambi ya Nyarugusu. Wengine walivuka kwenda Kongo, katika kambi ya Lusenda wilayani Fizi. Kipindi hichohicho shirika la UNHCR lilikuwa likianza kusambaza mfumo wake wa utambulisho kwa alama za vidole na mboni za macho, uliojaribiwa Malawi mwaka 2013. Mkimbizi aliyekimbia nchi yake kwa kuogopa orodha huhitaji kuandikwa kwenye orodha nyingine ili apate chakula. Usajili huo humlinda dhidi ya kurudishwa na dhidi ya kuibiwa mgao wake. Lakini historia ya 1972 inampa haki ya kuuliza taarifa zake zitashirikiwa na nani siku ya kurudi nyumbani.

7. Laini, ujumbe na mahakama

Baada ya 2015 utambulisho wa mtumiaji wa simu ulikazwa. Kanuni za mwaka 2016 ziliimarisha usajili wa laini kwa jina na kitambulisho, chini ya usimamizi wa mamlaka ya mawasiliano, ARCT. Sababu iliyotolewa, kupambana na uhalifu wa simu, ilikuwa ya kweli: utapeli wa fedha za simu unaumiza zaidi watu maskini. Hata hivyo, usajili ulifuta kabisa ile faragha ya msikilizaji wa redio. Mwezi Agosti mwaka huohuo polisi waliwakamata mjini Bujumbura watu waliohusishwa na kundi moja la WhatsApp kwa sababu ya yaliyoandikwa humo. Mwezi Oktoba 2017 tovuti ya gazeti la Iwacu ilizuiwa ndani ya nchi, na shirika la Waandishi Wasio na Mipaka likaweka nakala yake katika anwani nyingine ili isomeke.

Kesi iliyofafanua zaidi suala la faragha ni ya waandishi wanne wa Iwacu: Agnès Ndirubusa, Christine Kamikazi, Egide Harerimana na Térence Mpozenzi. Walikamatwa tarehe 22 Oktoba 2019 walipokwenda Bubanza kuripoti mapigano kati ya vikosi vya serikali na kundi lenye silaha. Ushahidi mkuu dhidi yao ulikuwa ujumbe wa WhatsApp ambao mmoja wao alimtumia mwenzake, ukitania kwamba walikuwa wakienda kuwasaidia waasi. Tarehe 30 Januari 2020 mahakama iliwahukumu kifungo cha miaka miwili na nusu kila mmoja. Walisamehewa na Rais Évariste Ndayishimiye mwezi Desemba 2020.

Kiufundi, kesi hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. WhatsApp ilikuwa imekamilisha usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho mwezi Aprili 2016. Ujumbe ulilindwa njiani kwa kiwango ambacho muhuri wa Livingstone haukuweza kukifikia. Lakini usimbaji fiche hukoma ujumbe unapofika kwenye kioo cha simu. Kuanzia hapo unasomwa na yeyote aliyeshika simu iliyofunguliwa. Hapakuhitajika mdukuzi. Utani wa watu wawili uliondolewa katika mazingira yake ya faragha na kusomwa upya kama tamko.

Sheria zilizokuwepo zilikuwa na pande mbili. Katiba ya 2005 ililinda, katika kifungu cha 28, maisha binafsi, familia, makazi na mawasiliano ya mtu. Upande wa pili, Kanuni ya Adhabu ya 2009 ilikwisha kutambua makosa ya kompyuta, na Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Mei 2018 ilipanua uwezo wa kunasa mawasiliano ya kielektroniki. Siku ya uchaguzi, tarehe 20 Mei 2020, mitandao ya kijamii ilizuiwa tena. Kisha Sheria namba 1/10 ya 16 Machi 2022 ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandaoni ikapitishwa.

8. Fundi na mdukuzi mbele ya sera

Uhalifu wa mtandaoni katika ukanda huu si jambo la kubuni. Mwezi Oktoba 2019 polisi wa Rwanda waliwakamata watu 12, Wakenya 8, Wanyarwanda 3 na Mganda mmoja, kwa tuhuma za kujaribu kuingilia mfumo wa benki. Mwezi Julai 2023 shambulio dhidi ya eCitizen ya Kenya lilionyesha athari ya kukusanya huduma nyingi za serikali mlango mmoja. Nchi yoyote inayoingiza fedha, vitambulisho na hati kwenye mtandao inahitaji sheria ya kuadhibu uvamizi.

Tatizo ni mpangilio. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo, pamoja na upungufu wake, humfunga aliyekabidhiwa taarifa. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni humfunga anayevamia kutoka nje. Tanzania ilianza na ya pili, mwaka 2015, na ikachukua miaka 7 kufikia ya kwanza. Katikati, mwezi Desemba 2016, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, Maxence Melo, alishtakiwa baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake. Burundi nayo ilianza na adhabu. Kwa mujibu wa historia iliyoelezwa hapo juu, hatari kubwa kwa mwananchi wa Rumonge iko upande ambao sheria ya adhabu haiugusi.

Tajiriba ya Ujerumani inafaa kukumbukwa, hasa kwa kuwa ni miongoni mwa dola zilizowahi kutawala mwambao huu. Chama cha Chaos Computer Club, kilichoanzishwa Berlin mwaka 1981, kilikusanya wachokonoaji wa mashine ambao walishikilia kanuni kwamba taarifa za umma zitumike na taarifa za mtu binafsi zilindwe. Mwaka 1983 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, katika shauri la sensa ya watu, iliamua kwamba mtu ana haki ya kuamua juu ya matumizi ya taarifa zake mwenyewe. Nchi hiyo ilikuwa na kumbukumbu zake za orodha zilizoua. Iliitumia kumbukumbu hiyo kujenga haki, na ikawaacha mafundi wake waendelee kufichua kasoro za mifumo.

Kutokana na haya, mambo manne yanaweza kuzingatiwa na watunga sera. Kwanza, sheria itofautishe nia: anayefungua kifaa ili kukitengeneza, au anayegundua kasoro na kuitolea taarifa kwa mwenye mfumo, asiwekwe kundi moja na mwizi. Pili, mafunzo ya faragha yaelekezwe kwa mawakala, sekretariati, wachaji na mafundi, kwa Kirundi na Kiswahili, kwa kuwa ndio walinzi wa kwanza. Mambo madogo, kama kufuta faili za mteja mwisho wa siku na kufunika daftari la miamala, yana faida kubwa kuliko mabango ya kitaifa. Tatu, kusoma ujumbe uliomo katika simu ya mtu kuhitaji amri ya hakimu, kama inavyotakiwa kwa upekuzi wa nyumba. Nne, kila orodha inayotaja kabila, iwe ya ajira, ya misaada au ya wakimbizi, iwe na tarehe ya kufutwa na jina la ofisi inayowajibika.

9. Hitimisho

Makala haya yamefuatilia takribani karne moja na nusu ya siri za mawasiliano katika mwambao wa Rumonge. Barua za 1869 zilipotelea mikononi mwa wabebaji. Orodha za 1972 zilitoka katika madawati ya shule na ofisi. Ujumbe wa 2019 ulisomwa baada ya kufika salama kwenye simu. Katika kila tukio, waliokuwa na taarifa walikuwa wamezipata kwa njia ya kawaida ya kazi au mamlaka yao, na madhara yalitokea pale ambapo hakuna kilichowafunga juu ya matumizi yake. Kwa upande mwingine, ujuzi wa fundi wa taa, wa redio na wa simu ndio uliowaunganisha watu upya mwaka 2015 vyombo vilipozimwa.

Dhana ya ibanga inatoa msingi wa ndani wa kuandika sera ya faragha, kwa kuwa inaunganisha siri na wajibu katika neno moja ambalo mkazi wa Rumonge halihitaji kutafsiriwa. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu kazi za mafundi na mawakala wa mwambaoni, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kabla ya sheria nyingine kuandikwa kwa ajili yao bila wao kuulizwa.